Boksi Nililolikalia

Rajabu mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo, na habari za hapa unazijua, umetoka hapa saa nane mchana. Sabuni, shuka, leseni na lile sweta usilolitaka vyote viko kwenye begi, kwa hiyo sitapoteza karatasi kwa habari za sabuni. Nakuandikia habari ya yale maji chini ya gari. Uliyaruka ukikimbilia bodaboda ya kwenda Mtae kumuaga bibi yako. Nikakuita, nikakuuliza, "Raja, hii inayodondoka hapa ni nini?" Ukanijibu bila hata kugeuza shingo, "Maji ya karoti, mama."

Ulipokata kona nilikaa juu ya ndoo pale pale uani. Jibu hilo ni langu. Nililitoa mimi miaka kumi na moja iliyopita, kwa sauti hiyo hiyo ya mtu mwenye haraka, na goti la baba yako halikunjiki mpaka leo kwa sababu ya jibu hilo. Wewe hujui. Tunajua mimi na yeye tu, na yeye hajawahi kulitaja, hata siku tulizogombana mpaka majirani wakaja.

Sasa ni alasiri. Nimelisogeza gari mpaka kwenye sakafu ya saruji tunapoanikia maharage, nimeifuta bodi iliyobaki na maji ya mzigo wa asubuhi kwa magunia makavu mpaka haitoi tone, na nimetandika vipande vinne vya boksi chini, kimoja kila gurudumu. Nimejipa saa moja. Nimekaa kwenye kigoda na daftari lako la kidato cha nne.

Najua utaguna. Utasema mama naye, safari ni kesho, yeye anacheza na maboksi. Lakini kesho alfajiri tunapakia karoti, wewe unashika usukani, mimi nakaa kando yako, tunateremka Mombo. Karoti zinapanda lori la Dar, wewe unaendelea Korogwe kuanza kazi kwenye shamba la mkonge, mimi narudi na gari. Kati ya Soni na Mombo hakuna mahali pa kubahatisha. Gema upande huu, bonde upande ule, na kona inakuja kabla hujamaliza kunyoosha usukani wa kona ya nyuma. Na huko Korogwe watakupa lori la kubeba wakata mkonge, watu wasiokujua watapanda nyuma yako kila asubuhi na kuanza kupiga soga. Nataka nijue tone lile ni la nini kabla hatujaondoka.

Huku kwetu Lukozi gari lisilodondosha maji ndilo linalotiliwa shaka. Karoti tunazisugua mtoni, tunazipakia zikichuruzika, halafu tunamwagia ndoo mbili tatu juu yake ili zifike Dar zikiwa na rangi yake. Ardhi yenyewe haikauki kwa ukungu. Nani atainama kuangalia uvungu? Baba yako alinifundisha kwamba oili ya injini ikigusa maji inatandaza rangi rangi, hata mtoto ataiona. Mafuta ya breki hayana tabia hiyo. Yanachanganyika na maji na kupotea humo humo, na wewe unapita juu yake na kandambili zako.

Ule mwaka, siku moja kabla ya ajali, tulipeleka kabichi kwa mteja wetu Mazinde. Wewe ulikuwa darasa la sita. Kule chini vumbi ni kavu, unalijua, halifichi kitu. Tulipomaliza kushusha, baba yako alisogeza gari mbele kidogo, na pale lilipokuwa limesimama pakabaki doa nyuma ya gurudumu la kulia, upana wa kisosi. Nililikanyaga. Kandambili ikateleza. Nikainama nikagusa kwa kidole, nikasugua na cha pili, utelezi haukuisha. Gari lilikuwa tupu, bodi imekauka kwa jua. Hapakuwa na karoti wala maji yake.

Nikajifuta kidole kwenye kanga, nikapanda.

Sikusema, Raja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu langu halipendezi. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, mnunuzi wa Dar alikuwa ameniachia nafasi yangu mwenyewe kwenye lori, mzigo wangu, jina langu kwenye magunia. Miaka yote nilikuwa nauzia watu wengine shambani kama mtu anayeomba. Baba yako namjua. Ningemwambia "nimeona doa", asingepanda mlima siku ile mpaka amempata fundi pale Mombo, na fundi angesema subiri kipuri, na lori lingeondoka bila magunia yangu. Nikajiambia nitamwambia tukishafikisha mzigo. Kupanda mlima hakuhitaji breki sana, tukafika nyumbani salama, na hilo likanidanganya zaidi.

Asubuhi yake ukungu umeshuka, karoti zimepakiwa, chini ya gari ni kama mtoni. Baba yako akazunguka gari, akainama upande wa kulia. Akauliza, "Hii inadondoka nini?"

Nikamwambia, "Maji ya karoti. Nimemwagia mwenyewe sasa hivi, hukuniona?"

Akasema, "Ngoja tuweke boksi, tusubiri kidogo." Alikuwa tayari ameshika kipande cha boksi mkononi.

Mimi nikamnyang'anya lile boksi. Nikasema kiti kimelowa na ukungu, nikalitandika kwenye kiti, nikalikalia. Nikamwambia, "Twende, baba Raja, lori halisubiri mtu." Akacheka. Aliniamini, mwanangu. Akawasha gari.

Nimeacha kuandika kidogo nikaangalia maboksi. Makavu yote manne. Saa bado haijaisha.

Tulipita Soni vizuri. Kona ya tatu au ya nne nikamwona anakanyaga mara mbili. Kisha mara nne, haraka haraka. Akashusha gia mpaka injini ikalia, akavuta hendibreki, gari likapungua kidogo halafu uzito wa mzigo ukalisukuma tena. Mbele yetu ilikuwa kona ya kukatia kulia, na kushoto, upande wangu, hapakuwa na kitu, ni majani na hewa. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shika chuma." Akapeleka usukani kulia, akakatiza njia ya magari yanayopanda, akalibamiza gari kwenye mwamba. Kwa upande wake. Angeweza kulibamiza kwa pua, nusu yake na nusu yangu. Aliligeuza mpaka mlango wake ukawa ndio unaokwaruza mwamba, akashikilia usukani hivyo hivyo mpaka gari likasimama.

Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Lile boksi lilikuwa bado kwenye kiti, limekunjika tu.

Ule mlango wa kijani kwenye gari jeupe, unaoutania kila siku, ndio tulioupata baada ya ule wake kuisha.

Askari wa barabarani alipofika alimkuta amelala kwenye majani, mguu hautazamiki. Akamuuliza, "Wewe dereva, ulikagua gari kabla ya kutoka?" Nilikuwa nimepiga magoti pale pale. Nikamwona baba yako ananitazama, kidogo tu. Akasema, "Mimi ndiye dereva, afande. Sikukagua." Askari akanigeukia. "Na wewe mama, uliona tatizo lolote?" Nikasema sikuona kitu.

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Mengine unayajua, maana uliyaishi. Leseni yake wakaizuia. Watu wa hapa wakampa jina, wakamwita Breki. Akipita dukani na fimbo yake wanaiga mlio wa tairi. Wewe ulipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo, nikakuona unarudi na shati limechanika, na nikakugombeza kwa sababu ya shati. Ulipofika kidato cha pili ukaacha kupigana. Wenzangu wakanipongeza, mtoto ametulia. Mimi nilijua hukutulia. Ulikuwa umeanza kuamini.

Mimi, kwa upande wangu, nikasifiwa. Gari liliponyooshwa, baba yako alikaa kando yangu miezi mitatu akanifundisha kuendesha, goti amelinyoosha mpaka karibu na gia. Watu wakasema mama Raja ni mwanamke shupavu, ameokoa nyumba. Nikazoea kusikia hivyo. Na siku ulipopata leseni ukasema mbele ya watu wote hapa uani, ukicheka, "Mimi udereva nimeurithi kwa mama." Watu wakacheka. Baba yako akacheka pia. Nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia moto.

Nilitakiwa kusema siku ile. Nikajiambia tena nitakwambia baadaye.

Saa imekwisha. Naenda kuangalia.

Nimerudi. Maboksi makavu kabisa, Raja. Nimeyageuza, nimeyanusa. Nikafungua boneti nikaangalia kikopo cha mafuta ya breki, kimejaa mpaka juu. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikasema mtoto alikuwa sahihi, ni maji ya karoti, na mimi ni mwanamke mzee mwenye hofu zake.

Halafu nikakitazama tena. Gari lote limejaa tope na vumbi hata kwenye betri, lakini kifuniko cha kikopo kile ni kisafi, kimefutwa. Na kikopo kilichotumika hakikai kimejaa namna ile. Nikaenda nyuma ya kiti cha dereva, nikapapasa. Nimeikuta chupa, umeizungushia fulana yako ya zamani. Chupa mpya ya mafuta ya breki, imebaki kidole kimoja.

Kwa hiyo ulijua. Sijui tangu lini, wiki mbili, mwezi. Unaongeza kila asubuhi na kufunga mdomo, maana ukisema, gari litalala kwa fundi, na kazi ya mkonge inaanza kesho saa sita mchana. Nakuelewa kuliko mtu yeyote hapa duniani. Nimekasirika, na ningekuwa na wewe hapa ningekuchapa kibao na ndevu zako hizo, lakini nakuelewa.

Baba yako alikuwa kibarazani muda wote, ananitazama. Nilikuwa na chupa mkononi, sikuweza kuificha. Akashuka ngazi na fimbo yake, akaichukua, akaiinua kwenye mwanga. Hakuuliza ni ya nani.

Akasema, "Likisimama hivi halitavuja. Tundu ni dogo. Lazima likanyagwe."

Nikamwambia tumwite fundi. Akasema fundi yuko Lushoto na jua linazama, nilete magunia mawili. Hajawahi kuingia chini ya gari tangu siku ile. Hata jirani akimwomba amwangalizie kitu, anasimama mbali na kuelekeza kwa fimbo. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, manne, kisha nikaongeza mengine manne. Akajilaza chali, akajisogeza kwa viwiko, mguu ule wa kulia umebaki nje umenyooka kama mti. Nikapanda kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Pedali ikawa ngumu, nzuri.

"Achia. Kanyaga. Sasa shikilia, usiachie."

Nikashikilia. Kwa muda hakukuwa na kitu. Nilikuwa nasikia kuku, nasikia pumzi yake kule chini. Halafu nikahisi pedali inaondoka chini ya mguu wangu, taratibu, kama mtu anayezama usingizini. Niliikandamiza nikidhani ni mguu wangu unaolegea. Ikaendelea kushuka. Raja, miaka kumi na moja iliyopita nilikaa upande wa pili, sikujua yeye alihisi nini kwenye unyayo wake. Leo nimejua. Nikaanza kulia na mguu bado umekanyaga.

"Nimeiona," akasema.

Nikashuka nikapiga magoti nikachungulia. Kwenye boksi la nyuma kulia palikuwa na matone matatu, na la nne lilikuwa linaning'inia. Alikuwa ameshika bomba dogo la breki, lile la chuma linalopita kandokando ya chesisi kwenda nyuma. Juu yake palikuwa na waya. Mwezi uliopita bomba la moshi lililegea, wewe ukalifunga kwa waya, tukakusifu. Ncha ya waya ule imekuwa ikisugua bomba la breki kila gari likitikisika, mpaka limetoboka. Tundu la sindano. Likikanyagwa kidogo halitoi. Likikanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa, kama unavyofanya kutoka Soni mpaka Mombo ukiwa na mzigo, linatoa, na kila siku linapanuka.

Nilimsaidia kutoka. Akakaa chini, anafuta kidole kwenye suruali. Akasema, "Asijue kuwa ni waya wake. Ana safari, mwache aende na moyo mwepesi. Mwambie ni kutu."

Nikamwambia, "Na ya kwangu je? Na yenyewe ilikuwa kutu?"

Akanijibu kwa Kishambaa, kama afanyavyo akitaka mazungumzo yaishe, kwamba yale yalikwisha zamani. Nikamwambia kwangu hayajaisha. Akasema, "Utampoteza mtoto, mama Raja." Alisema hivyo akiangalia fimbo, na niliona kwamba hilo ndilo analoliogopa miaka yote, kwamba ukijua, utaniangalia mimi kama unavyomwangalia yeye.

Huenda ni kweli. Nimeliwaza hilo wakati naandika, na mkono ulitaka kuichana karatasi. Lakini nakwambia ni waya wako, na nakwambia ni chupa yako, kwa sababu yeye alininyamazia mimi na kunyamaziwa huko kumenila. Alidhani ananifunika. Kila asubuhi naamka nasikia fimbo yake inagonga sakafu na najua fimbo ile ni yangu. Sitaki wewe ufunikwe namna hiyo, halafu uje uwe na miaka hamsini unaandika barua kama hii.

Sitakuhubiria. Sina mdomo wa kumhubiria mtu. Ila siku dereva mwenzako au utingo au mama aliyebeba mtoto akikuuliza kinachodondoka ni nini, inama. Hata kama unajua. Hasa kama unajua.

Gari haliondoki kesho alfajiri. Nimempigia fundi, atapanda na bomba jipya saa tatu asubuhi. Karoti nimewaambia wanunuzi wasizisubiri, na nimeshangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kusema. Kama unataka kuwahi kazini, basi dogo linapita barabarani saa kumi na moja alfajiri, na sitakuzuia. Kama utasubiri fundi, piga simu kule Korogwe uwaambie utachelewa na uwaambie kwa nini, na yote, pamoja na chupa.

Barua hii naiweka juu ya begi lako pamoja na lile boksi lenye matone. Matone hayajakauka na hayatakauka, gusa mwenyewe. Adhana ya magharibi imeshalia na bado hujarudi, kwa hiyo utaisoma ukifika. Mimi nitakuwa jikoni. Ukija, nipe salamu unayoona ninastahili, na kama ni kimya nitakipokea.

Funguo za gari ziko mfukoni mwa baba yako. Yuko kibarazani. Mwanangu, miaka mingi sasa unampa shikamoo ukiwa unatembea, unaitupa begani na kuendelea na njia yako. Leo simama mbele yake. Mpe shikamoo yake, na usiondoe mguu mpaka umesikia marahaba.

Mama yako